Ratiba ya nakala rudufu: mara moja usiku, au mara nyingi mchana?

Kalamu_Tulivu ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Kazi yangu ni kuhariri miswada na rekodi za sauti, na yote huifanya kwenye kompyuta moja ya mkononi yenye Windows 11. Tangu mwanzo niliwasha File History, ambayo imekuwa ikinakili mafaili yangu kila baada ya saa moja kwenda kwenye diski ya nje iliyochomekwa muda wote ninapokuwa mezani. Kwa miezi mingi sikuwa na lalamiko lolote. Nilipoanza kuhariri sauti, mambo yakabadilika: kila saa, kazi ya kurudufu inapoanza, kompyuta huwa nzito kwa dakika saba au nane, taa ya diski hupepesa bila kukoma, herufi ninazoandika huchelewa kutokea kwenye kioo, na sauti ninayoisikiliza hukatika katikati ya neno.

Niliona dawa ni kuihamishia kazi hiyo usiku. Nikaingia kwenye mipangilio na kubadilisha kipindi kutoka kila saa kuwa mara moja kwa siku, kisha nikagundua kwamba File History inaniruhusu kuchagua baada ya muda gani inakili, lakini hainiulizi inakili saa ngapi. Zaidi ya hayo, usiku huifunga kompyuta na kuiweka ndani ya begi, kwa hiyo hata kama ningepewa nafasi ya kuchagua saa, sijui ingenakili nini wakati imelala.

Wiki iliyopita nililipia uamuzi huo. Mnamo saa kumi jioni nilibandika maandishi mengine juu ya sura nzima ya mswada, nikaihifadhi bila kutambua, na nikafunga programu. Nilipokwenda kuitafuta sura hiyo kwenye diski ya nje, nakala ya karibuni kabisa ilikuwa ya jana yake asubuhi. Kazi ya karibu siku mbili ilikuwa imekwenda, nami nikairudia kwa kumbukumbu.

Naomba msaada katika mambo matatu. Ninawezaje kuamua mwenyewe saa ya kurudufu? Kompyuta ikiwa imelala au imezimwa saa hiyo ikifika, inakuwaje? Na je, kuna njia ya kunakili mara nyingi bila kompyuta kulemewa, au sina budi kuchagua moja kati ya hayo mawili?

Mtunza_Nyaraka amejibu:

Ndugu Kalamu_Tulivu, pole sana kwa sura iliyopotea. Naomba nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake linabadilisha yale mawili ya kwanza.

Dalili unazozieleza zinanifanya niamini kwamba ratiba ya kila saa haikuwa na kosa, na kwamba kuna faili moja au mawili makubwa yanayoibebesha mzigo usiokuwa wake. File History hunakili mafaili yaliyobadilika tu, lakini faili likibadilika hata kidogo hulinakili zima, tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa mswada wa maneno hilo halina uzito wowote, kwa kuwa faili lenye sura ishirini za maandishi matupu kwa kawaida halifiki hata megabaiti chache na hunakiliwa kabla hujainua kidole kwenye kibodi. Faili la mradi wa sauti ni jambo jingine. Tuseme lako lina gigabaiti 12, na diski yako ya nje inaandika megabaiti 30 kwa sekunde, kasi ambayo ni ya kawaida kwa diski iliyounganishwa kwa USB 2. Ukigawanya, utapata sekunde 400, yaani karibu dakika saba, ambazo ndizo dakika unazozilalamikia. Na ukiwa na saa nane za kazi kwa siku, kila saa ukihifadhi badiliko dogo katika mradi huo, utakuwa umeijaza diski gigabaiti 96 kwa siku moja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuzitenga kazi zako mbili, kila moja iwe na ratiba yake. Kabla ya kupanga saa yoyote, jiulize kwa kila folda: likitokea la kutokea, niko tayari kuirudia kazi ya muda gani? Nadhani kwa miswada huwezi kustahimili zaidi ya nusu saa, kwa sababu sentensi iliyohaririwa vizuri hairudi kama ilivyokuwa. Kwa sauti huenda siku moja inavumilika, hasa kama rekodi asilia ziko salama mahali pengine na kinachobadilika ni mikato yako tu.

Ukikubaliana na hilo, fungua File History kupitia Jopo la Kudhibiti, nenda kwenye orodha ya folda zisizonakiliwa, na uiongeze folda ya sauti humo. Kisha, kwenye mipangilio ya kina, badilisha kipindi. Utakuta unaweza kuchagua kila dakika 10, 15, 20 au 30, kila saa moja, 3, 6 au 12, au kila siku. Mimi ningechagua dakika 15. Najua inaonekana ni ajabu kumshauri mtu anayelalamikia mzigo wa kila saa anakili mara nne zaidi, lakini mafaili makubwa yakishaondoka katika njia hiyo, hutahisi chochote.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye folda ya sauti na swali lako kuhusu saa. Kwa folda hiyo tumia Task Scheduler, ambayo imo ndani ya Windows, na kazi yenyewe ya kunakili uikabidhi robocopy, programu ya kunakili mafaili kwa amri za maandishi, ambayo nayo imo tayari. Task Scheduler inakuruhusu kuchagua saa, dakika na siku za juma unavyotaka. Hata hivyo, kuna vipengele vinne ambavyo wengi huvipita bila kuvisoma, na ndivyo vinavyoamua kama ratiba itafanya kazi kwenye kompyuta ya mkononi.

Cha kwanza, kazi mpya huwekewa sharti la kuanza tu pale kompyuta inapokuwa kwenye umeme wa ukutani. Ukiwa unatumia betri saa ikifika, kazi haianzi, na hakuna dirisha litakalofunguka kukuarifu. Cha pili, kuna kisanduku kinachosema kazi ianze mapema iwezekanavyo endapo saa yake ilipita bila kutekelezwa. Kisanduku hicho huja bila alama, nawe ni lazima ukitie alama, kwa kuwa hilo ndilo jibu la swali lako la pili: kompyuta iliyokuwa imelala itaifanya kazi hiyo muda mfupi baada ya kuamka. Cha tatu, kipo kisanduku cha kuiamsha kompyuta kwa ajili ya kazi. Kwa kompyuta iliyo ndani ya begi nakusihi usikiguse, kwa maana haitakuwa na diski ya nje ya kuandikia, na itapata joto mahali pasipo na hewa. Cha nne, hakikisha umechagua kwamba kazi mpya isianze ikiwa ile iliyotangulia bado inaendelea.

Saa ninayoipendekeza ni ile ambayo kompyuta imewashwa, diski imechomekwa, nawe hupo. Kwa watu wengi wanaotumia kompyuta ya mkononi, saa hiyo ni mapumziko ya mchana. Panga 13:10, uinuke.

Fundi_Seva amejibu:

Naunga mkono maelezo ya Mtunza_Nyaraka, na ningependa kuongeza tahadhari moja inayotuhusu sisi tunaofikiri kwa Kiswahili na kupanga ratiba kwenye mashine zisizokijua.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasimamia seva ndogo ya Linux, na nilitaka irudufu hifadhidata saa nane za usiku, wakati hakuna mtu anayeitumia. Nikaandika kwenye cron, programu ya Linux inayoanzisha kazi kwa ratiba, mstari uliokuwa na 0 kwa dakika na 8 kwa saa. Kwa mashine, 8 ni saa mbili asubuhi, wakati ambao kila mtumiaji anaingia kazini. Kwa wiki mbili watu walilalamika kwamba mfumo ni mzito asubuhi, nami niliukagua mtandao, nikakagua kumbukumbu ya mashine, nikaagiza hata kebo mpya, kabla ya kuusoma ule mstari kwa sauti na kusikia kosa langu mwenyewe. Saa nane usiku ni 02:00. Tangu siku hiyo, kila ninapopanga ratiba, juu ya mstari naandika maelezo ya saa kwa maneno, kisha naihesabu tena kwa kutoa au kuongeza sita.

Kwa wanaotumia Linux na wamefika hapa wakitafuta jambo hilihili, cron ya kawaida haifai kwa kompyuta ya mkononi, kwani saa ikifika na kompyuta imezimwa, zamu hiyo inapotea moja kwa moja. Anacron huikumbuka zamu iliyopita na kuitekeleza baadaye, ila kipimo chake ni siku, wala haijui saa. Mimi siku hizi natumia vipima muda vya systemd, mfumo unaosimamia huduma kwenye Linux nyingi. Ukiandika `OnCalendar=*-*-* 13:10:00` pamoja na `Persistent=true`, mfumo huhifadhi kwenye diski wakati wa mara ya mwisho, na kompyuta ikiwashwa baada ya zamu kupita, kazi huanza yenyewe. Amri ya `systemctl list-timers` itakuonyesha kila kipima muda kilianza lini mara ya mwisho na kitaanza lini tena. Ukitaka kuhakiki maandishi yako kabla ya kuyaamini, `systemd-analyze calendar` hukutafsiria na kukuonyesha tarehe na saa ya zamu ijayo. Laiti ningekuwa na amri hiyo wakati ule wa seva, ningeliona kosa langu dakika ileile.

Kuna mtego mwingine wa cron unaostahili kutajwa. Ukijaza siku ya mwezi na siku ya juma katika mstari mmoja, kwa mfano tarehe 1 na Jumapili, cron haisubiri Jumapili iliyoangukia tarehe 1. Itafanya kazi kila tarehe 1, na pia kila Jumapili. Nimeona watu wakijaza diski kwa sababu hiyo, wakidhani wameagiza nakala nzima ichukuliwe mara chache kwa mwaka.

Sauti_na_Picha amejibu:

Mimi natumia Mac, na nimefurahi kuona swali hili kwa sababu upande wetu lilikuwa gumu kwa miaka mingi. Time Machine, programu ya kurudufu iliyomo ndani ya Mac, ilikuja mwaka 2007, na kwa muda mrefu mipangilio yake iliruhusu kuwasha au kuzima tu: ukiwasha, inanakili kila saa. Tuliotaka vinginevyo tuliizima kisha tukaiendesha kwa amri ya `tmutil startbackup` kupitia ratiba yetu wenyewe. Kuanzia macOS Ventura ya mwaka 2022 unaweza kuchagua kila saa, kila siku, kila wiki au kwa mkono. Saa kamili bado huichagui, kwa hiyo anayetaka saa yake maalumu ataendelea kutumia amri hiyo.

Lakini sababu hasa iliyonifanya niandike ni kwamba hakuna aliyegusia upande wa pili wa ratiba, yaani lini nakala za zamani zifutwe. Ratiba ya kunakili na ratiba ya kufuta ni mambo mawili, na la pili ndilo linaloumiza polepole.

Nilikuwa na kitabu cha picha na maelezo. Nilikuwa nikinakili kila siku bila kukosa, na programu niliyoitumia wakati huo niliipangia itunze siku 30 za mwisho. Siku moja nikafungua sura ya tano na kuikuta tupu, kurasa kumi na nne zenye vichwa vya habari tu. Nikarudi kwenye nakala ya jana: tupu. Ya wiki iliyopita: tupu. Nikaenda hadi nakala ya kwanza kabisa katika zile 30, nayo ilikuwa tupu vilevile, kwa sababu sura ile ilikuwa imefutika kiasi cha wiki sita kabla. Nakala thelathini safi, zote za kosa lilelile. Kilichoniokoa ni diski nyingine niliyokuwa nimeiweka kabatini miezi mitatu nyuma kwa ajili ya jambo lisilohusiana kabisa.

Kwa hiyo tazama jinsi Time Machine inavyopunguza: hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi mmoja, na za kila wiki kwa miezi iliyotangulia, hadi diski ijae ndipo inapoanza kuziondoa zile za zamani kabisa. Nakala za karibuni ni nyingi, za mbali ni chache, lakini zipo. Wanaotumia restic, programu nyingine ya kurudufu, wanaweza kupanga mfumo huohuo wao wenyewe kwa kuiambia itunze, kwa mfano, nakala 7 za siku, 5 za wiki na 12 za mwezi. Kwenye File History, ndugu Kalamu_Tulivu, mpangilio wa kutunza matoleo unaanzia mwezi mmoja hadi miaka miwili, na kuna chaguo la daima na la hadi nafasi itakapohitajika. Ukinakili kila dakika 15, tafadhali usichague mwezi mmoja kwa kuhofia kwamba diski itajaa. Mafaili ya maneno hayatakujazia diski.

Ningeomba pia diski moja isikae imechomekwa muda wote. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hufunga kila diski vinavyoifikia, na diski yenye nakala zako ni moja ya hizo. Diski ya pili, inayochomekwa mara moja kwa wiki na kurudishwa mahali pengine, yatosha.

Kalamu_Tulivu amejibu:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimefanya kama mlivyonielekeza na naomba kuwapa mrejesho.

Nilikagua ukubwa wa mafaili na kukuta kwamba Mtunza_Nyaraka alikisia kwa karibu mno: kuna mradi mmoja wa sauti wenye gigabaiti 11 na ushei, ambao programu yake huuandika upya wote kila ninapohifadhi. Nimeiondoa folda hiyo kwenye File History na kuweka kipindi cha dakika 15. Leo ni siku ya nne, na sijawahi kutambua ni wakati gani inanakili. Nimelazimika kufungua diski na kutazama saa za mafaili ili niamini kwamba inafanya kazi. Matoleo nimeyaweka kwenye chaguo la daima.

Kwa folda ya sauti nimeunda kazi kwenye Task Scheduler saa 13:10. Juzi nilichelewa kurudi mezani na kompyuta ilikuwa imelala kuanzia saa saba kamili. Nilipoifungua mnamo saa tisa alasiri, baada ya muda mfupi taa ya diski ikaanza kupepesa yenyewe, nikajua kile kisanduku cha pili kimefanya kazi yake.

Nimejaribu pia kurejesha. Nilichukua sura moja ya mswada, nikairudisha kwenye folda nyingine kama ilivyokuwa jana saa tano asubuhi, nikailinganisha na ya leo aya kwa aya. Imerudi nzima.

Yamebaki maswali mawili. Kwanza, kwenye robocopy nimeona watu wakipendekeza chaguo la `/MIR`, ambalo linaifanya folda ya nakala ifanane kabisa na folda asilia. Je, nilitumie? Pili, Task Scheduler inaniandikia kwamba matokeo ya mara ya mwisho ni 0x1. Mafaili nayaona yamefika, lakini nilitarajia 0x0, na sitaki kujidanganya.

Mtunza_Nyaraka amejibu:

Umefanya vizuri kujaribu kurejesha kabla hujahitaji.

Kuhusu `/MIR`, kwa matumizi yako nakushauri uiache. Chaguo hilo hunakili vilivyoongezeka na pia hufuta kwenye nakala kila kitu kisichokuwepo tena kwenye asili. Ukifuta rekodi kwa bahati mbaya saa sita mchana, saa 13:10 itafutwa na upande wa pili, na ratiba yako nzuri itakuwa imelikamilisha kosa lako kwa uaminifu. Tumia `/E`, ambayo hunakili folda zote za ndani bila kufuta chochote.

Hata hivyo `/E` nayo huandika toleo jipya juu ya la zamani, kwa hiyo mradi ukiharibika, utanakiliwa ukiwa umeharibika. Hapa ndipo siku za juma zinakufaa. Unda kazi mbili badala ya moja. Ya kwanza ifanyike Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ikiandika kwenye folda A ya diski ya nje. Ya pili ifanyike Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, ikiandika kwenye folda B. Utatumia gigabaiti 22 au zaidi kidogo, na siku yoyote utakuwa na toleo la karibuni pamoja na lile lililotangulia. Ukiwa na nafasi zaidi, ongeza folda ya tatu inayoandikwa Jumapili pekee.

Kuhusu 0x1, usiwe na wasiwasi. Programu nyingi hurudisha 0 zikifaulu na namba nyingine zikishindwa, lakini robocopy ina hesabu yake. Kwake 0 maana yake hapakuwa na kitu cha kunakili, 1 maana yake mafaili yamenakiliwa salama, 2 maana yake upande wa nakala una mafaili ya ziada yasiyokuwepo kwenye asili, na 3 ni mambo hayo mawili kwa pamoja. Kwa kuwa hutumii `/MIR`, namba 2 na 3 utaziona mara kwa mara kadiri unavyofuta vitu vya zamani upande wa asili. Kuanzia 8 kwenda juu ndipo penye kushindwa, na 16 ni kushindwa kukubwa, kwa mfano diski haikuwepo. Ukikuta 0x41301, Task Scheduler inakuambia tu kwamba kazi bado inaendelea, usubiri.

Siku za mwanzo nakuomba uiangalie safu hiyo ya matokeo kila jioni. Ukiona 0x0 siku ambayo unajua kwa hakika ulihariri sauti, hiyo ndiyo ya kukushtua: huenda njia ya folda uliyoiandika inaelekeza mahali pasipo na kazi yako.